Fomu Moja, Madaftari Manne: Mstari Mtupu Usiandikishwe

Hotuba iliyotolewa kwa makatibu wa vyama vya msingi katika semina ya utunzaji wa daftari la wanachama



Nimeambiwa nina saa moja, nami nitajitahidi nisiizidi, kwa kuwa wengi wenu mmetoka mbali na gari la jioni halingoji hotuba ya mtu.

Vyama vyetu kadhaa vimekwisha anza, na vingine vinajiandaa kuanza, kuandikisha wanachama kwa fomu ya kompyuta inayojazwa kwenye tovuti, badala ya fomu ya karatasi tuliyoizoea. Mengi yamesemwa juu ya mashine zenyewe, juu ya umeme na juu ya gharama. Sitayarudia. Nataka kuzungumza juu ya jambo dogo ambalo halimo katika mikataba ya ununuzi wala katika mihtasari ya vikao, nalo ni hili: mwanachama akishabonyeza kitufe cha kuhifadhi, ni kumbukumbu zipi ziandikwe na zipi zisiandikwe? Mtu anayesikia swali hili kwa mara ya kwanza huliona la kitoto. Atajibu kwamba yaandikwe yale aliyojaza. Laiti ingekuwa rahisi hivyo, nisingewasumbueni leo.

Ikumbukeni kwanza fomu yetu ya karatasi. Sehemu ya juu humhusu mwanachama mwenyewe: jina, kijiji, mwaka wa kuzaliwa, hisa alizolipia. Chini yake kuna mistari ya mashamba, kwa kuwa mkulima mmoja aweza kuwa na shamba la kahawa mlimani na jingine la migomba bondeni. Kisha kuna mistari mitatu ya warithi. Mwisho kuna mistari miwili ya wadhamini, ambayo hujazwa na yule tu anayeomba mkopo wa pembejeo. Fomu ni moja, lakini ndani yake mna fomu nyingine ndogo ndogo, na kila moja ina daftari lake: daftari la wanachama, daftari la mashamba, daftari la warithi na daftari la wadhamini. Karani huchukua karatasi ile moja akanakili katika madaftari manne, na katika kila daftari huandika namba ya mwanachama ili ijulikane shamba hili ni la nani na mrithi huyu ni wa nani.

Karani yule, hata kama elimu yake ni ya darasa la saba, ana macho na ana busara. Akikuta mistari miwili ya warithi haikujazwa, anaipita. Hakuna aliyemfundisha kuipita, wala hakuna kanuni iliyoandikwa. Akikuta mstari una jina bila uhusiano, anainua kichwa na kumwuliza mwanachama aliyesimama mbele yake, "Huyu ni nani wako, mzee?" Akikuta mdhamini ni mtu anayemjua kuwa ni mwanachama namba 112, hamwandikishi upya, bali huandika namba 112. Haya yote ni masharti. Karani anayashika kichwani bila kujua kuwa ni masharti.

Kompyuta haina macho hayo. Fomu ya tovuti inapotumwa, kila kisanduku hupelekwa kwa jina lake pamoja na kilichomo, na kisanduku cha maandishi kilichoachwa wazi nacho hupelekwa, kikiwa na jina lake na utupu wake. Kwa hiyo mwanachama aliyemtaja mrithi mmoja anapeleka mistari mitatu, mmoja una mtu na miwili haina mtu. Programu iliyoambiwa tu kwamba "kila mstari wa mrithi utengenezewe kumbukumbu" itatii amri barabara. Itaandika warithi watatu, wawili wakiwa hawana jina, hawana uhusiano, wana namba ya mwanachama tu.

Tuchukue hesabu ya mfano. Chama kina wanachama 400, na kila mmoja amemtaja mrithi mmoja. Daftari la warithi litakuwa na kumbukumbu 1,200, na katika hizo 800 ni hewa. Mtaweza kusema hewa haimdhuru mtu. Lakini daftari la mashamba liko hivyo hivyo, na katika daftari la mashamba ndimo Katibu anamohesabu idadi ya mashamba anapopeleka maombi ya mbolea na miche. Akiiuliza kompyuta chama kina mashamba mangapi, kompyuta itajumlisha na yale yasiyo na ekari wala kijiji. Mbolea ikija kwa hesabu hiyo, ziada yake itakwenda kwa nani? Tunaijua historia ya ziada zisizo na mwenyewe.

Kwa bahati nzuri tatizo hili si geni kwa watunga programu. Kuna vyombo vya kutengenezea programu za tovuti ambavyo vimelifikiria tangu zamani. Kimojawapo ni Ruby on Rails, kilichotolewa kwa umma mwaka 2004 na David Heinemeier Hansson, mtu wa Denmark. Katika toleo lake la 2.3 la mwaka 2009 kiliwekewa njia rasmi ya kupokea fomu yenye fomu ndani yake, yaani kumbukumbu mama pamoja na kumbukumbu watoto kwa mpigo mmoja. Pamoja na njia hiyo liliwekwa sharti la kukataa, ambalo watunga programu huliandika reject_if. Maana yake ni kwamba mtunga programu anataja hali fulani, na mstari wowote mpya wenye hali hiyo hautengenezewi kumbukumbu. Hali inayotumiwa sana ni ile ya mstari ulio mtupu kabisa, kila kisanduku. Chombo kingine, Django, kilichotolewa mwaka 2005, kinafuata njia tofauti kidogo. Chenyewe hakiulizi kama mstari ni mtupu, bali huuliza kama mstari wa ziada umebadilishwa tangu ulipoonyeshwa kwa mjazaji. Usipobadilishwa, haukaguliwi wala hauhifadhiwi.

Nawaombeni mzitazame njia hizi mbili kwa makini, maana kila moja ina shimo lake, na mashimo yenyewe yako pande mbili zinazokabiliana.

Njia ya kwanza, ile ya kuuliza "je, ni mtupu kabisa?", huvunjika pale ambapo fomu inakuja na kitu kilichokwisha jazwa. Tuseme katika mstari wa shamba kuna orodha ya mazao ya kuchagua, na mtunga programu, kwa nia njema ya kuwapunguzia makarani kazi, ameiweka ianze na neno "Kahawa". Mistari mitatu ya mashamba itafika yote ikiwa na neno Kahawa. Hakuna hata mmoja ulio mtupu, basi hakuna utakaokataliwa. Visanduku vya kutia alama ya vema navyo vina hila yao. Kwa desturi ya kivinjari, kisanduku kisichotiwa alama hakipelekwi kabisa, na hapo programu haiwezi kujua kama mtu amesema hapana au hakuulizwa. Kwa sababu hiyo Rails huweka nyuma yake kisanduku cha siri chenye sifuri, ili "hapana" ifike kama sifuri. Nayo sifuri si utupu. Mstari wa mrithi wenye swali "Je, yuko chini ya miaka 18?" utapita sharti la utupu kwa ajili ya ile sifuri tu, ingawa mwanachama hakuugusa.

Njia ya pili haina udhaifu huo. Neno Kahawa lilikuwapo mwanzo, lingalipo mwisho, basi mstari haukubadilika na utaachwa. Lakini geuzeni shilingi. Tuseme mstari unakuja na zao "Kahawa" na ekari "1" vikiwa vimejazwa tayari, nasi tunaye mwanachama ambaye kweli ana ekari moja ya kahawa. Anatazama, anaona ni sawasawa, habadilishi kitu, anabonyeza kitufe. Shamba lake halitaandikwa. Amekataliwa kwa kosa la kufanana na mfano.

Kwa maoni yangu dawa ya yote mawili ni moja, tena ni rahisi: mistari ya ndani ianze mitupu kabisa. Orodha ya mazao ianze na neno "Chagua" lisilo na thamani yoyote nyuma yake. Makarani watabonyeza mara moja zaidi, na hasara hiyo naikubali.

Kuna jingine ambalo ni letu sisi wenyewe, nalo mtaalamu wa kompyuta kutoka mjini hawezi kulijua asipoambiwa. Sisi tumefundishwa na wakaguzi wa hesabu kwamba mstari usiotumika usiachwe wazi, bali upigwe kistari, ili mtu asije baadaye akaongeza jina. Ni mafundisho mazuri kwa karatasi. Lakini karani mzoefu akikaa mbele ya kompyuta, mkono wake utatafuta kistari, au ataandika "Hakuna", au "Hana". Kwa kompyuta kistari ni herufi kama herufi nyingine. Nafasi tupu zilizopigwa kwa bahati mbaya Rails huzihesabu kuwa ni utupu, lakini kistari hapana. Kesho mtamkuta katika daftari la warithi mtu anayeitwa Kistari, na ndugu yake anayeitwa Hakuna, na huenda wakawa ndio warithi wengi kuliko wote katika chama. Basi mwambieni mtunga programu kwa lugha iliyo wazi kwamba katika visanduku vya majina, maneno hayo na alama hizo zihesabiwe kuwa ni utupu. Wala msiwalaumu makarani wenu, wanafanya walivyofundishwa.

Ndugu zangu, mpaka hapa nimezungumza juu ya kumbukumbu zisizostahili kuwapo zinazoingia. Sasa niingie katika lile lililonileta hasa, yaani kumbukumbu zinazostahili kuwapo ambazo hazikuingia. Za kwanza ni kero. Hizi za pili ni dhuluma.

Sharti la kukataa lina tabia moja ambayo kila Katibu hana budi kuijua: linakataa kimya kimya. Halileti maandishi mekundu, halimrudishii mjazaji fomu, haliandiki popote kwamba mstari fulani umeachwa. Kwa mstari mtupu ukimya huo ni sawa kabisa, maana mwanachama aliyeacha mistari miwili hapaswi kuulizwa kwa nini hana warithi watatu. Ubaya huja pale mtunga programu anapolifanya sharti kuwa jepesi mno. Aghalabu huandika hivi: mstari wa mrithi ukatwe ikiwa kisanduku cha jina ki wazi. Inaonekana ni busara, kwa kuwa mrithi asiye na jina si mrithi. Na ndivyo anavyoepuka lile tatizo la Kahawa na la sifuri.

Sasa tumchukue mzee mmoja, mwanachama wa miaka mingi, anayejaziwa fomu na kijana wa ofisini. Katika mstari wa kwanza amemtaja mwanawe mkubwa, kwa ukamilifu. Katika mstari wa pili amesema "mke wangu mdogo", na kijana ameandika "mke" katika kisanduku cha uhusiano, na namba ya simu ya mama yule, na sehemu ya fungu, asilimia 50. Jina ameliacha kwanza, kwa sababu mzee anataka liandikwe kama lilivyo katika kitambulisho, na kitambulisho kiko nyumbani. Kijana anabonyeza kitufe akitegemea kurudia baadaye. Kompyuta inajibu: "Taarifa zimehifadhiwa." Ni kweli zimehifadhiwa, lakini mke hayumo. Mstari wake ulikuwa na mambo matatu ya hakika, ukakatwa kwa kukosa la nne, na hakuna aliyeambiwa.

Miaka kumi baadaye mzee amefariki. Mjane anafika ofisini kuulizia hisa na malipo ya pili ya kahawa. Katibu, ambaye huenda ni mwingine, anafungua daftari na kuliona jina moja tu. Atamwambia nini mama huyu? Atamwambia kwamba mzee hakumtaja. Naye mama atarudi nyumbani akiamini hivyo, kwamba mume wake aliyeishi naye miaka yote hakumtaja. Hakuna mwizi katika kisa hiki, wala hakuna karani mwovu. Pana sharti moja lililoandikwa kwa haraka, na kamati haikuwahi kuulizwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na nauomba ujadiliwe. Mstari wa ndani una hali tatu, si mbili. Upo mstari mtupu, ambao uachwe kimya. Upo mstari kamili, ambao uandikwe. Na upo mstari nusu, ambao haufai kuachwa wala kuandikwa, bali urudishwe kwa mjazaji pamoja na swali, kama yule karani wetu alivyoinua kichwa akauliza. Sharti la kukataa litumike kwa mstari mtupu peke yake. Mstari wenye kitu chochote kilichoandikwa na mkono wa mtu upite sharti hilo, uende kwenye ukaguzi, na huko ndiko utakapoambiwa kwamba jina linakosekana. Vyombo nilivyovitaja vinaweza kufanya hivi bila shida. Kinachohitajika ni mtu wa kuagiza.

Najua kuna atakayesema kwamba tukiwa wakali hivi, fomu nyingi zitarudishwa na foleni itakuwa ndefu siku ya uandikishaji. Ni kweli, na jambo hilo nimelipima. Ipo njia ya katikati: mstari nusu uhifadhiwe katika daftari la pembeni lenye alama ya "haujakamilika", na kila mwisho wa mwezi Katibu apewe orodha yake awafuatilie wahusika. Kazi ya mtunga programu itaongezeka, na bei yake pia. Lakini chama chenye wazee wengi wasio na vitambulisho mkononi, mimi ningekishauri kilipe.

Lingine linalofanana na hilo ni kufuta. Mwanachama amekuja kubadili mrithi. Alimtaja ndugu yake zamani, sasa wamekosana, au yule ndugu amefariki dunia. Karani anaifungua fomu, analikuta jina, analifuta herufi kwa herufi mpaka kisanduku kinakuwa cheupe, na anabonyeza kitufe. "Taarifa zimehifadhiwa." Mnadhani jina limefutika?

Katika Rails mstari wa zamani hubeba namba yake ya kumbukumbu ndani ya fomu, isiyoonekana kwa macho, ili programu ijue kwamba huu si mpya bali ni wa kuhaririwa. Na lile sharti la kukataa hutazama mistari ya zamani pia. Kama sharti lilisema "jina likiwa wazi, kataa", basi marekebisho haya yatakataliwa na jina la ndugu litabaki pale pale kama halikuguswa. Karani ameona kisanduku cheupe, mwanachama ameona kisanduku cheupe, daftari lina jina. Kama sharti lilikuwa la utupu wote, ile namba ya siri inaufanya mstari usiwe mtupu, basi utapita. Hapo ama ukaguzi utaurudisha kwa kukosa jina, ama, ukaguzi usipowekwa, utabaki mstari usio na jina.

Dawa yake ni kwamba kufuta kuwe tendo lake lenyewe: kisanduku kilichoandikwa "Mwondoe mrithi huyu", ambacho karani anakitia alama. Rails inacho kitu hicho tayari, ila imekifunga. Haifuti kumbukumbu ya mtoto kwa kupitia fomu ya mama mpaka mtunga programu airuhusu waziwazi. Ikisharuhusiwa, mstari uliotiwa alama ya kuondolewa hauzuiwi na sharti la kukataa. Mimi naona kufungwa huko ni uangalifu mzuri, na ningependa vyama vyetu viongeze wa kwao: mrithi aliyeondolewa asifutwe kabisa, bali awekewe tarehe ya kuondolewa na jina la karani aliyefanya kazi hiyo. Daftari la karatasi lilikuwa likikata jina kwa wino mwekundu na jina la chini likisomeka. Tusikubali kompyuta itupe pungufu ya hapo.

Nije sasa kwa wadhamini, ambao sharti lao ni la aina nyingine. Wadhamini huhitajika pale tu mwanachama anapoomba mkopo. Fomu itauliza, "Je, unaomba mkopo wa pembejeo?" Ukijibu ndiyo, sehemu ya wadhamini inafunguka, ukijibu hapana, inajificha. Makarani hupenda sana mchezo huo wa kufunguka na kujificha, na kweli unasaidia macho. Lakini kujificha si kutokuwapo. Visanduku vilivyofichwa visionekane kwenye kioo bado hutumwa pamoja na fomu. Kama mwanachama alijibu ndiyo, akajaza wadhamini wawili, kisha akabadili mawazo na kujibu hapana, majina yale mawili yatasafiri pamoja na jibu la hapana. Programu isipoangalia, watu wawili watakuwa wamemdhamini mtu asiyekopa. Sharti la mkopo basi lisikaguliwe kwenye kivinjari peke yake. Likaguliwe tena kule kwenye kompyuta inayotunza daftari: jibu likiwa hapana, mistari ya wadhamini isishughulikiwe hata kama imejaa, jibu likiwa ndiyo, wadhamini wasipotimia wawili, fomu irudi.

Mdhamini mwenyewe, kwa kanuni za vyama vyetu vingi, lazima awe mwanachama. Hapo kumbukumbu mpya ya mtu haihitajiki hata kidogo; kinachohitajika ni kuunganisha na kumbukumbu iliyopo. Mstari wa mdhamini uulize namba ya uanachama, nayo programu imtafute mtu huyo, ionyeshe jina lake, karani athibitishe. Asipopatikana, fomu ikatae, isimtengeneze. Fomu inayoandikisha jina la mdhamini kila linapoandikwa itawazalishieni mtu mmoja mara tano kwa tahajia tano, na chama hakitaweza kujua kwamba mtu huyo amedhamini mikopo mitano kwa hisa zile zile. Wale wenye SACCOS wananielewa.

Hata kumtafuta mtu kabla ya kumwandikisha hakutoshi pekee. Makarani wawili katika vituo viwili waweza kuuliza kwa dakika moja kama namba fulani ipo, wote wakajibiwa haipo, na wote wakaiandika. Kinga ya mwisho iwekwe ndani ya daftari lenyewe, kwa amri kwamba namba ya uanachama haiwezi kuandikwa mara mbili. Hilo ni jambo la dakika chache kwa mtaalamu, na ni jambo la kwanza ambalo ningelikagua.

Juu ya mafungu nitasema kwa ufupi. Kumbukumbu mama na kumbukumbu watoto ziandikwe zote kwa pamoja au isiandikwe hata moja. Umeme ukikatika katikati, tusiwe na mwanachama aliyeandikwa bila mashamba yake. Rails hufanya hivyo yenyewe mama na watoto wanapohifadhiwa kwa njia niliyoieleza, lakini programu nyingine zilizotungwa kwa mkono hazifanyi mpaka ziagizwe. Ulizeni. Njia ya kujua ni kujaza fomu yenye mrithi mmoja mwenye kasoro mnayoijua, kubonyeza kitufe, kisha kuangalia kama mwanachama ameingia katika daftari. Akiwa ameingia na mrithi hakuingia, msiipokee kazi hiyo.

Mwaka 2022 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Majina ya warithi, namba za simu na uhusiano wa kifamilia ni taarifa za watu, tena za watu ambao wengi wao si wanachama wetu wala hawajui kwamba wameandikwa. Mwaonaje wale wadhamini wawili wa mtu asiyekopa? Hatukuwa na sababu ya kuwahifadhi, na sharti lililowekwa vizuri lingetuepusha na jambo hilo bila kumwajiri mwanasheria.

Basi kazi inayowangojea ni hii. Kabla mtunga programu hajaletewa malipo ya kwanza, Katibu na kamati yake wakae na fomu ya karatasi mezani. Kwa kila sehemu ya ndani waandike, kwa Kiswahili cha kawaida: mstari huu ni mtupu ukiwa na hali gani, ni kamili ukiwa na nini, ukiwa nusu tufanye nini, nani ana ruhusa ya kuuondoa, na alama gani ibaki. Maandishi hayo yaingie katika muhtasari wa kikao na katika mkataba. Mtunga programu atayageuza kuwa lugha yake, na hiyo ndiyo kazi yake. Kuamua kama mke asiyeandikwa jina aachwe au aulizwe si kazi yake, wala si haki kumwachia.

Nimewaleteeni fomu tano za majaribio, zimo katika bahasha zenu. Moja ina mistari mitupu. Moja ina vistari na neno "Hakuna". Moja ina mke asiye na jina. Moja imejibu hapana kwa mkopo huku wadhamini wamejazwa. Ya tano ni ya mwanachama wa zamani anayetaka kumwondoa mrithi. Rudini nazo vituoni, mzijaze katika programu mliyo nayo au mnayotaka kuinunua, kisha mwandike kilichoonekana katika daftari, si kile kilichoonekana kwenye kioo. Vyama ambavyo bado havina programu vijaribu kwa jirani. Majibu yaletwe kwenye Kitengo cha Kumbukumbu cha Chama Kikuu kabla ya msimu wa mavuno kufunguliwa, ili yatumike kutengeneza masharti ya pamoja.

Ndugu Mwenyekiti, bado zipo dakika kumi. Naomba zitumike kwa maswali, na kama utaniruhusu tuanze na Ndugu Katibu aliyeniambia asubuhi kwamba ana wanachama wenye namba mbili mbili.